Nimewabadilishia chakula mara nne na bado wanaharisha

SWALI

Shikamoo Daktari,

Ninakuandikia kutoka Tanga. Siku nane zilizopita, asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, mwanangu wa darasa la tatu alisikia milio kama ya ndege ndani ya mtaro ulio nyuma ya soko la mtaani kwetu. Tulipochungulia tuliwaona watoto wanne wa paka juu ya kiroba cha mchele kilichokwama kwenye takataka, wamelowa chapachapa na kurundikana mmoja juu ya mwingine. Sikuwachukua papo hapo, kwa sababu niliwahi kusikia kwamba huenda mama yao yuko karibu. Niliporudi jioni, muuza mkaa wa pale aliniambia kwamba paka mwenye mabaka aliyekuwa akiwanyonyesha aligongwa na bajaji usiku uleule. Ndipo nikawatia kikapuni na kuja nao nyumbani.

Walikuwa wananuka na manyoya yamejaa viroboto, kwa hiyo niliwaogesha siku hiyohiyo kwa maji niliyotia ile dawa ya kuua vijidudu ambayo hugeuza maji kuwa meupe kama maziwa. Kisha nikawapa maziwa ya ng'ombe, ambayo kwetu Tanga hayana shida. Walikunywa kwa pupa hadi matumbo yakawa magumu kama ngoma, na kufika usiku wote wanne walikuwa wanaharisha rangi ya njano. Siku ya tatu niliacha maziwa nikawapa uji wa sembe na dagaa waliosagwa. Siku ya tano tulikuwa na samaki wa nazi, nikawapa mabaki. Siku ya sita nilinunua chakula kikavu cha paka wakubwa, nikakiloweka. Kila nikibadilisha, siku ya kwanza wanakula vizuri kisha hali inakuwa mbaya zaidi.

Juzi nilikwenda duka la dawa, wakanishauri niwape Flagyl robo ya kidonge cha miligramu 200. Niliwapa wawili, yule mdogo kabisa na mwenye doa jeusi puani. Walitoa povu mdomoni kiasi kwamba nilidhani nimewaua, kwa hiyo sikuendelea.

Hali yao leo ni hii. Watatu wanacheza kidogo na kula, lakini wanajisaidia mara nyingi kidogo kidogo, kinyesi chenye ute kama wa bamia, na kwa mmoja niliona uzi wa damu. Yule mdogo anaharisha maji matupu, hajala tangu jana jioni, na nikimshika masikio ni ya baridi. Niliwapima kwa mizani ya dukani: wakubwa ni gramu 470, 450 na 430, na mdogo ni 350. Macho yao bado ni ya buluu. Mimi nawakadiria kuwa na miezi miwili.

Jambo jingine linalonisumbua ni woga wao. Boksi lao liko sebuleni chini ya feni, na wanangu watatu wakirudi kutoka madrasa huwagombania kuwabeba. Tuna pia dume letu la miaka sita, Sultani, ambaye hukaa mlangoni akinguruma. Watoto hawa wakisikia mlango wanajikunja pembeni na kufoka, na jana mdogo alimng'ata mwanangu kidoleni hadi damu ikatoka kidogo. Wifi yangu, ambaye ni mjamzito na anaishi nasi, ndiye anayesafisha mchanga wao ninapokuwa kwenye cherehani.

Mama mkwe anasema paka wa mtaani huharisha mpaka wakizoea. Mume wangu anasema niwarudishe sokoni kabla hawajatuletea maradhi. Je, wanaumwa, wamedhuriwa na chakula, au ni hofu tu? Nifanye nini ambacho bado sijafanya?

Mama Watatu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilipofika nilikutumia ujumbe siku hiyohiyo kuhusu yule mdogo, kwa kuwa mtoto wa paka mwenye gramu 350 anayeharisha maji, asiyekula tangu jana na ambaye masikio yake yamepoa hana muda wa kusubiri safu hii ichapishwe. Nimefurahi kusikia kwamba ulimfikisha kwa daktari wa mifugo, akawekewa maji chini ya ngozi, na kwamba kufika magharibi alikuwa ameanza kulamba mchuzi wa kuku. Nitayarudia niliyokueleza, kwa ajili ya wasomaji walio na mtoto kama huyo mkononi na kliniki iko mbali.

Mtoto aliyepoa hapewi chakula kabla ya kupashwa joto. Paka mwenye afya ana joto la nyuzi 38 hadi 39 hivi, ambalo ni juu kidogo ya letu, kwa hiyo mtoto ambaye mkononi mwako anaonekana wa baridi ameshuka sana. Katika hali hiyo utumbo hulala, na chakula unachomlazimisha hukaa tumboni kikichacha au hurudi juu na kuingia kwenye mapafu. Jaza chupa maji ya moto unayoweza kuyashika bila kuungua, izungushie kanga mara mbili, uilaze upande mmoja wa boksi ili akizidiwa na joto aweze kusogea upande wa pili. Wakati anapata joto, mpake asali au maji mazito ya sukari kidogo kwenye ufizi, kwa kuwa sukari ya mwili wa mtoto asiyekula huisha upesi. Akishachangamka na kuweza kumeza, mpe maji ya chumvichumvi yaleyale wanayopewa watoto wanaoharisha, pakiti moja kwa lita 1 kamili ya maji safi, mililita 1 au 2 kila baada ya dakika 15, kwa bomba lisilo na sindano, tone kwa tone pembeni mwa mdomo. Awe amesimama au amelala kifudifudi. Usimlaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu, kwa sababu akilazwa hivyo hupaliwa. Yote haya ni ya njiani tu, na safari yenyewe ni ya kwenda kwa daktari.

Pili ni kidole cha mwanao, na hili naomba ulishughulikie kabla hujamaliza kusoma. Kichaa cha mbwa, pamoja na jina lake, huambukizwa na paka pia, na hawa ni watoto wa mama ambaye hatumjui na hatuwezi kumchunguza tena. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama jana mlikwisha kulifuta, kisha mtoto apelekwe hospitali leo, aeleze mhudumu kwamba ameng'atwa na paka wa mtaani asiye na historia, ili waamue kuhusu chanjo. Uwezekano wa paka mdogo hivi kuwa na ugonjwa huo si mkubwa. Lakini dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba ya kumwokoa, ndiyo maana suala hili haliamuliwi kwa kukisia nyumbani.

Sasa turudi kwenye boksi. Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa karibu gramu 100, na akilelewa vizuri huongeza takribani gramu 100 kila wiki. Uzito wa 430 hadi 470, macho ya buluu ambayo hayajaanza kubadilika rangi, na mwendo usio imara ulionitajia kwenye ujumbe, vyote vinaniambia kwamba hawa wana wiki nne na nusu hadi tano. Hawajafika miezi miwili. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu katika umri huo mama yao alikuwa bado anawanyonyesha, anawalamba, anawapa joto, na anaanza tu kuwafundisha kula. Wewe ulipokea watoto ambao walikuwa katikati ya kuachishwa ziwa, na katika usiku mmoja vyote hivyo vikakatika.

Hebu uhesabu nami yaliyowapata baada ya hapo. Katika siku nane wameogeshwa kwa dawa, wamepewa chakula cha aina nne, wawili wamepewa kidonge, wamebebwa na mikono ya watoto watatu kila jioni, wamelala chini ya feni, na kila mlango unapofunguliwa wanamsikia dume akinguruma. Umeniuliza ni kipi ambacho bado hujafanya. Jibu langu ni kwamba umefanya mengi mno, na kila moja ulilifanya kwa nia njema, lakini hakuna hata moja lililopewa siku tatu za kuonyesha matokeo yake.

Swali lako la kama ni hofu, chakula au ugonjwa halina jibu moja, kwa kuwa hofu na tumbo haviishi vyumba tofauti. Mnyama akiogopa, mwili wake humwaga homoni za kumwandaa kukimbia, na homoni hizo huharakisha utumbo mpana, ambao kazi yake ni kufyonza maji kutoka kwenye kinyesi kabla hakijatoka. Ukipita mbio, maji hayafyonzwi. Yeyote aliyewahi kusubiri mtihani wa taifa anaijua hali hiyo bila kufundishwa. Kinyesi cha wale watatu, kidogo kidogo, mara nyingi, chenye ute na uzi wa damu mbichi, ni dalili ya utumbo mpana uliokasirika, na hofu, minyoo na mabadiliko ya chakula vyote huukasirisha. Cha yule mdogo, maji mengi bila ute, kinatoka juu zaidi, kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo mwili hupoteza maji na lishe kwa haraka. Ndiyo maana nilimtenga na wenzake tangu mwanzo wa jibu hili.

Tuanze na chakula. Maziwa ya ng'ombe yaache kabisa, hata ya moto, hata yaliyochanganywa na maji. Yana protini na mafuta machache kuliko maziwa ya paka, na sukari yake ya laktosi ikifika kwa wingi kwenye utumbo wa mtoto anayeachishwa ziwa haimeng'enywi yote. Inayobaki huvuta maji na kuchacha, na hapo ndipo hilo tumbo la ngoma linapotoka. Mtindi nao tuuache kwa sasa, ingawa najua wapo watakaokupa ushauri huo. Uji wa sembe hauna madhara makubwa ila haumlishi, kwa kuwa paka anaishi kwa nyama. Dagaa wakavu wana chumvi, na samaki wa nazi ana mafuta, kitunguu na huenda kitunguu saumu, ambavyo kwa paka hupasua chembe nyekundu za damu. Wewe mwenyewe ungelala na tumbo kwa mpangilio huo.

Chukua nyama ya kifua cha kuku, ichemshe kwa maji matupu bila chumvi wala kiungo chochote, ichambue nyuzi nyuzi hadi iwe laini kama pamba, kisha uilowanishe kwa mchuzi wake uliokwisha kuondolewa mafuta. Mwenye gramu 450 anahitaji takribani gramu 50 za nyama hiyo kwa siku, zigawanywe katika milo mitano au sita, na siku ya kwanza umpe nusu yake tu, kwa kuwa kulisha kupita kiasi nako huharisha. Mlo mmoja hauzidi vijiko viwili vya chai, nao utaonekana mdogo kwa macho ya mama, lakini tumbo lao ni dogo kuliko yai la kuku. Wape kikiwa vuguvugu, kwa sababu harufu ndiyo inayomwita paka kwenye sahani. Maji safi yawepo muda wote katika kisahani kifupi.

Kuku pekee hamlei mtoto wa paka, kwa kuwa mifupa yake inayokua inahitaji kalsiamu ambayo nyama haina, kwa hiyo usivuke siku nne au tano. Kinyesi kikianza kushikana, tafuta chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya paka wachanga. Ulichonunua ni cha paka wakubwa, na hakiwatoshi kwa umri huu. Anza kwa kuchanganya kijiko kimoja cha chakula hicho na vitatu vya kuku, uendelee kuongeza kwa muda wa siku saba hadi kuku aondoke. Siku ya pili au ya tatu kinyesi huenda kikalegea tena. Hapo ndipo utakaposhawishika kubadili tena, na nakuomba usibadili. Rudi hatua moja nyuma kwenye kiasi, usirudi kwenye jungu lingine.

Kuhusu Flagyl, ambayo ni metronidazoli, povu uliloliona halikuwa sumu. Dawa hiyo ni chungu mno, na paka akionja uchungu hutokwa na mate hadi kifuani. Linalonitia wasiwasi ni kiasi. Madaktari huitoa kwa takribani miligramu 10 hadi 25 kwa kila kilo moja ya uzito, maana yake mtoto wa gramu 350 hata miligramu 9 hafikii. Robo ya kidonge cha 200 ni miligramu 50. Pengine nyingi ilitoka na lile povu, na ulivyoacha baada ya mara moja ulifanya vyema. Ukiona mmoja wa hao wawili anayumba kuliko alivyokuwa, anatetemeka, au mboni za macho zinacheza zenyewe, mrudishe kwa daktari na umtajie dawa hiyo. Dawa za binadamu za kufunga tumbo wasipewe, na parasetamoli isikaribie hata chumba chao, kwa sababu kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mzima.

Ile dawa nyeupe ya kuogea nayo iishie hapo. Ina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja ipasavyo, na paka hujilamba, kwa hiyo unachompaka mgongoni ukihesabu kimeingia mdomoni. Siwezi kusema kwamba ndiyo iliyomwangusha yule mdogo, lakini haikumsaidia. Viroboto hata hivyo lazima waondoke, kwani kwa mwili mdogo hivi hunyonya damu hadi ufizi ukawa mweupe. Tumia chanuo lenye meno ya karibu, shingoni na mapajani, ukilichovya kila mara kwenye bakuli la maji yenye sabuni ya vyombo, ambamo watazama. Ukilazimika kumwosha, iwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, mtoto mmoja kwa siku, akaushwe kwa taulo hadi kwenye ngozi. Usitumie mafuta ya taa, wala unga wa viroboto wa mbwa, ambao mara nyingi una pamethrini, inayomtia paka degedege.

Nakuja kwenye ugonjwa wenyewe. Minyoo ya mviringo hupita kwenye maziwa ya mama paka, kwa hiyo watoto wa mtaani huchukuliwa kuwa nayo hadi ithibitike vingine, na tumbo lililotuna juu ya mgongo wenye mifupa ni picha yake. Daktari alimpa mdogo dawa ya minyoo. Wengine watatu wapewe pia kwa uzito wao, na wote warudie baada ya wiki mbili, kwa kuwa dawa huua minyoo iliyo kwenye utumbo na kuiacha ile michanga ambayo bado inasafiri mwilini. Hata hivyo, dawa ya minyoo haigusi kokidia, kijidudu cha chembe moja ambacho hupenda sana watoto wa umri huu wanaoishi wamebanana, na ambacho hulipuka hasa mwili ukiwa umechoshwa na hofu. Kina dawa yake, lakini kwanza kionekane kwa hadubini.

Hapo ndipo safari yako ya kliniki ilipopungukiwa: ulikwenda na mtoto bila kinyesi. Baada ya mlo wa asubuhi, mweke mmoja mmoja peke yake kwenye beseni lenye magazeti kwa nusu saa, na anapojisaidia chukua kiasi cha punje ya harage, tia kwenye kikopo safi chenye mfuniko, uandike ni cha nani. Kifike maabara asubuhi hiyohiyo. Safari hiyo itakuokolea fedha za dawa nne za kubahatisha.

Lipo na gonjwa moja ambalo silitaji kwa kukutisha, bali kwa sababu una dume nyumbani. Panlukopenia ni ugonjwa wa virusi unaoanza kwa kutapika, kuharisha na kulegea ghafla, na huua watoto wengi kwa siku chache. Virusi vyake hudumu kwenye sakafu na nguo kwa miezi. Watoto wako watatu wanaocheza na kula baada ya siku nane hawana sura ya ugonjwa huo, lakini Sultani, ikiwa hajawahi kuchanjwa, asishirikiane nao sahani, mchanga wala chumba kwa muda usiopungua wiki mbili, nawe unawe mikono kabla ya kumshika. Beseni na sahani zao zioshwe kwanza kwa sabuni, kisha zilowekwe dakika 10 kwenye jiki, sehemu 1 kwa 20 za maji, zisuuzwe na kuanikwa juani. Kokidia haisikii jiki, hivyo mara moja kwa siku beseni limwagiwe maji yanayochemka. Mchanga wa pwani usiutumie, una chumvi na watoto huulamba; karatasi zilizochanwa zinatosha kwa sasa.

Wifi yako asisafishe tena. Kinyesi cha paka mchanga huweza kubeba toksoplazma, ambayo ni hatari kwa mimba. Mayai ya kijidudu hicho huhitaji angalau siku moja nje ya mwili wa paka ndipo yaweze kuambukiza, kwa hiyo beseni linaloondolewa uchafu asubuhi na jioni na mtu mwingine hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Wanao nao wanawe kwa sabuni kila wamshikapo paka, kwa kuwa minyoo ile ya mviringo huwapata watoto wa binadamu pia.

Nimeiacha hofu mwisho, ingawa kwa uzito wake ingeweza kutangulia. Ondoa boksi sebuleni. Tafuta chumba kinachopitiwa mara chache, hata stoo, mbali na feni na sakafu ya vigae. Ndani weka boksi la pili lililolazwa ubavuni, lenye tundu dogo la kuingilia, na kitambaa cha pamba ambacho hukifui kila siku. Ukifua kila kitu kwa mkupuo unawanyang'anya harufu yao, na paka hutambua kwake kwa pua. Kama wana vitambaa viwili, fua kimoja leo na kingine keshokutwa. Chakula, mchanga na mahali pa kulala viwe pembe tatu tofauti, na visihamishwe. Wewe uingie saa zilezile, kwa mlango uleule, ukisema maneno yaleyale kwa sauti ya chini. Baada ya siku mbili tatu utaona masikio yanasimama badala ya kulala nyuma.

Wanao usiwafukuze. Wiki ya pili hadi ya saba ndiyo muda ambao paka huamua moyoni mwake kama binadamu ni rafiki au ni adui, na hawa wamebakiwa na wiki mbili hivi. Kinachotakiwa ni kubadili mtindo. Kwa siku tatu za kwanza asibebwe paka yeyote. Mtoto mmoja tu kwa zamu aingie, akae chini sakafuni na daftari lake la shule, asome kwa sauti ndogo robo saa bila kuwatazama usoni, mkono wake ukiwa sakafuni. Atakayekaribia kunusa kidole aachwe anuse na kuondoka. Siku ya nne, mtoto huyo aweke uzi wa kuku kwenye kiganja. Mwenye doa puani, kwa maelezo yako, ndiye atakayetangulia. Aliyeng'atwa awe wa mwisho kuingia, na asikaripiwe. Paka aliyefoka alikuwa amefika ukutani na hana pa kurudi.

Kuhusu mumeo na wazo la soko: kwa uzito huo na tumbo hilo, mtaroni hawamalizi wiki, na nadhani analijua hilo, ila anachokiogopa ni maradhi kwa wanawe. Mwonyeshe aya za kidole, za wifi na za kunawa mikono. Mama mkwe naye hakukosea yote, kwa kuwa hofu hupungua kwa kuzoea. Minyoo ndiyo haizoeleki.

Nunua daftari dogo. Kila asubuhi, kabla ya mlo wa kwanza, wapime kwa mizani ileile na uandike uzito, kinyesi, na kama wamekula. Gramu 10 au zaidi kwa siku ni mwendo mzuri hata kama kinyesi bado ni laini. Asiyeongezeka kwa siku mbili, anayetapika, anayetoa damu zaidi ya uzi, ambaye mkojo wake umekuwa wa njano iliyokolea, au aliyekosa milo miwili mfululizo, arudi kliniki siku hiyohiyo. Wakitulia na kufikisha wiki nane, chanjo ya kwanza ianze, irudiwe kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, na ya kichaa wapewe wakifika miezi mitatu. Sultani apelekwe pamoja nao.

Ukiniandikia tena, nitumie namba za daftari za siku kumi, na majibu ya kile kikopo.